Usiipeleke Kesi ya Ndoa kwenye Kesi ya Mtoto

Hotuba hii ilitolewa kwenye uzinduzi wa podikasti ya akina baba walio katika mashauri ya malezi ya watoto. Tunaiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu zangu akina baba, akina mama mliokuja, wazee wetu, mawakili na maafisa ustawi wa jamii mlioacha kazi zenu mkaja kuketi nasi: nawasalimu nyote.

Nianze na ninyi mliokaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nawaona. Kazi yangu ni usuluhishi wa migogoro ya familia, na miaka yote hiyo imenifundisha kwamba mwanamume anayekaa karibu na mlango bado hajaamua kama amekuja. Kaeni hapo hapo. Hakuna atakayewaita mbele, hakuna atakayewapitishia karatasi ya kuandika majina. Podikasti hii imetengenezwa kwa ajili yenu kuliko hawa ndugu zangu waliokaa mbele, ambao naona baadhi yao wameshaanza kuandika.

Nimeulizwa sana: kwa nini podikasti? Kwa nini si semina, au kikao cha kila mwezi?

Nami nawauliza: mwanamume akishaachana na mke, watoto wakabaki upande wa pili, anamwambia nani? Kazini hasemi, maana kesho yake atakuwa habari ya mchana. Rafiki zake watampa pole, watamnunulia kinywaji, kisha watabadilisha mada. Akienda kwa ndugu, ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu kwa ndugu atapewa moja kati ya ushauri wa aina mbili. Wa kwanza: "Achana nao, mtoto akikua atamtafuta baba yake." Wa pili: "Wewe ni mwanamume gani? Nenda kamchukue mwanao." Mmesikia, si ndiyo? Naona vichwa vinatikisika. Nitarudi kwenye ushauri huo wote, kwa sababu nimeona watoto waliopotezwa na wa kwanza, na nimeona akina baba waliopotezwa na wa pili.

Lakini mwanamume huyo huyo asiyesema na mtu ana simu mfukoni na visikizio masikioni. Anaweza kusikiliza akiwa njiani. Anaweza kusikiliza saa nane usiku, usingizi ukigoma. Na hakuna atakayejua anasikiliza nini. Sababu yetu ni hiyo tu, hatukuwa na nyingine ya kitaalamu zaidi.

Sasa, nina jambo moja la kusema leo. Nitalizungukia kwa njia nyingi, lakini ni moja: usiipeleke kesi ya ndoa kwenye kesi ya mtoto.

Kesi ya ndoa mnaijua. Nani alimsaliti nani. Nani alimtukana mama wa mwenzake. Nani alinunua kiwanja, nani alijenga, nani alihama na vyombo. Hiyo ina maumivu yake, na wala sisemi ni ya uongo. Kesi ya mtoto ni nyingine kabisa. Kesi ya mtoto inauliza: asubuhi nani anamwamsha? Akiugua usiku nani anajua dawa inayomdhuru? Shule ikimwita mzazi, nani anafika? Hakimu anayesikiliza kesi ya mtoto hakuketi pale kuamua nani alimkosea nani. Ukimjazia meza ushahidi wa maovu ya mtalaka wako, atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuuliza habari za mtoto. Na hapo wengi huishiwa maneno.

Nitawapa kisa. Visa vyote nitakavyosimulia leo nimevibadilisha kiasi cha kutosha ili mwenyewe asitambulike, na ukidhani ni wewe, basi jua mko wengi.

Baba mmoja alikuja kwenye meza ya usuluhishi na faili nene. Picha, nakala za meseji, risiti, hata barua ya jirani. Akafungua, akaanza kueleza ukurasa kwa ukurasa. Msuluhishi akamwacha aseme mpaka akatua kupumua, kisha akamuuliza swali moja: "Mtoto wako anavaa kiatu namba ngapi?"

Kimya.

Kisha akasema, na alisema kwa uchungu wa kweli: "Mimi ndiye ninayelipia hivyo viatu."

Jamani, hakuwa baba mbaya. Msimcheke. Alikuwa amelipa kila kitu tangu mtoto azaliwe, na aliamini kwamba kulipa ndiyo malezi, kwa sababu ndivyo alivyolelewa yeye. Lakini alikuwa amekuja kuomba akae na mtoto ambaye hajui kiatu chake. Aliporudi mara nyingine hakuja na lile faili. Alikuja na daftari. Alikuwa ameshaonana na mwalimu wa darasa, amempeleka mtoto kwa daktari wa meno, na anajua kwamba mtoto anaogopa giza na anapenda mlango uachwe wazi kidogo. Wakakubaliana wikendi, baadaye nusu ya likizo. Hakupata yote aliyoomba. Ila alipata kitu ambacho faili lile lisingempa kamwe.

Kwa hiyo kipindi chetu kimoja kizima kitakuwa cha maswali ya namna hiyo. Jina la rafiki yake wa karibu. Chanjo ipi imebaki. Somo analolikwepa. Jiulize mwenyewe, usimjibu mtu.

Najua kuna wanaosema moyoni: "Hata nikijua namba ya kiatu, sheria ni ya wanawake." Hili nataka tulikalie kidogo, kwa sababu limewaharibu wengi kabla hata hawajafungua shauri.

Mwaka 1836, Uingereza, mwandishi mmoja aitwaye Caroline Norton aliachana na mumewe, George. Walikuwa na watoto watatu wa kiume. Baba akawachukua wote, akawapeleka kwa ndugu zake Scotland. Sheria ya wakati ule haikuwa na utata: watoto ni wa baba. Mama hakuwa na haki hata ya kuwaona. Akiruhusiwa, ni kwa hisani ya mume. Caroline hakuwa na jeshi, alikuwa na kalamu. Akaandika vijitabu, akawafuata wabunge, na mwaka 1839 Bunge likapitisha sheria iliyomruhusu mama kwenda mahakamani kuomba akae na mtoto wa chini ya miaka 7, na kuomba kuwaona waliozidi umri huo. Ushindi mkubwa, lakini sheria hiyo haikufika Scotland, na watoto wake walikuwa Scotland. Mwaka 1842 mdogo wao, William, alianguka kutoka kwenye farasi akiwa upande wa baba. Mama akaitwa. Alipofika, mtoto alikuwa ameshafariki.

Kwa nini nawasimulia akina baba habari za mama? Kwa sababu yale maumivu ya kusimama nje ya mlango, kuuliza mtoto amekula nini na usijibiwe, mama alisimama hapo kabla yetu, na aliwekwa hapo na sheria iliyompa baba kila kitu. Baadaye mambo yakageuka. Katika nchi nyingi mahakama zikashika imani kwamba mtoto mdogo ni wa mama, na baba akawa mgeni. Halafu yakageuka tena, na leo kigezo kinachotajwa karibu kila mahali ni maslahi ya mtoto.

Ule umri wa miaka 7 bado mtaukuta. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinaanza na dhana kwamba ni vema mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama yake. Lakini someni mpaka mwisho! Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na kifungu hicho hicho kinaitaka mahakama ifikirie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha huku na huku. Wengi wanasoma nusu ya kwanza, wanakata tamaa, wanarudi nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inasema wajibu wa mama na baba kwa mtoto ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao takriban nchi zote duniani zimeuridhia, unasema katika ibara ya 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuendelea kuwa na uhusiano na kuonana na wazazi wote wawili mara kwa mara, isipokuwa kama jambo hilo linakwenda kinyume na maslahi yake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema vivyo hivyo katika ibara ya 19, kwamba mtoto adumishe uhusiano na wazazi wote wawili.

Haki ni ya nani hapo? Ni ya baba? Hapana. Ni ya mama? Hapana. Ni ya mtoto. Ukisimama mahakamani ukasema "nadai haki yangu ya kumwona mwanangu," umeanza vibaya. Ukisema "mtoto huyu amezoea nimsomee kila jioni, na tangu mwezi fulani amekosa," umezungumza lugha ambayo mkataba wenyewe unaizungumza. Ombi ni lile lile, ila mwenye haki umembadilisha.

Sasa turudi kwa ndugu na ushauri wao.

"Mtoto akikua atamtafuta baba yake." Ushauri huu unapendwa kwa sababu unafanana na uvumilivu. Unamwacha mtu anajiona mtu mzima, mwenye busara, asiye na ugomvi. Kumbe ndani ya kimya hicho mambo yanatembea. Mtoto anazoea. Anapata shule mpya, marafiki wapya, pengine mtu mwingine wa kumwita baba. Na mahakama, kama nilivyosema, haipendi kumng'oa mtoto mahali alipozoea. Kwa hiyo mzazi aliyekaa kimya miaka miwili kwa heshima atakaporudi atakuta heshima yake imeandikwa kwa jina jingine: alimwacha mtoto. Ucheleweshaji unampa nguvu yule ambaye mtoto yuko naye leo, awe mama au baba.

Namkumbuka baba aliyeambiwa mahakamani kwamba kuna amri ya muda, mtoto akae upande wa mama mpaka shauri litakaposikilizwa, naye apewe Jumamosi. Akasusa. "Jumamosi moja ni matusi," akasema, "nasubiri hukumu kamili." Shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena. Mashauri yana tabia hiyo. Lilipokuja kusikilizwa, swali la kwanza la wakili wa upande wa pili lilikuwa: "Ulipewa Jumamosi ngapi, na ulifika ngapi?" Ndugu zangu, amri ya muda haina udogo. Ukipewa saa mbili chini ya uangalizi wa afisa ustawi, nenda. Ukipewa simu ya dakika kumi, piga. Hizo dakika kumi ndizo zinazojenga ushahidi wa mwaka ujao, na kabla ya ushahidi, ndizo zinazomjulisha mtoto kwamba upo.

Na kama mama anavunja amri? Anazima simu, anasema mtoto amelala, anahama bila kusema? Inatokea, na inatokea sana, wala sitaki kuipunguza. Fika mahali na saa iliyoandikwa. Subiri. Andika tarehe, andika saa, andika aliyekuwepo. Kisha rudi kwenye mahakama ile ile uombe amri itekelezwe, maana kuidharau amri ni kosa, na mahakama ina namna zake za kushughulika nalo. Usirudi nyumbani kwake kupiga mlango. Kuna watu wameingia kwenye kesi hizi wakiwa wametendewa vibaya, wakatoka wakiwa washtakiwa wa jinai, kwa sababu ya mlango mmoja.

Hapo ndipo unapoingia ushauri wa pili. "Nenda kamchukue mwanao."

Baba mmoja alimpokea mtoto wakati wa likizo, kwa makubaliano. Likizo ilipokwisha hakumrudisha. Kwa wiki mbili alikuwa shujaa wa ukoo. Shangazi walipika, wajomba walipiga simu za pongezi. Wiki ya tatu alikuwa mahakamani, na kuanzia siku hiyo neno lake halikuaminika tena hata alipokuwa mkweli. Alipoomba likizo nyingine, jibu lilikuwa rahisi: mara ya mwisho alimpata lini na alimrudisha lini? Wale shangazi hawakuwepo siku hiyo mahakamani. Hawakuwepo hata mmoja.

Na kama umefikiria kuvuka mpaka na mtoto, jua kwamba kuna Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980, na zaidi ya nchi 100 zimo. Nchi iliyo ndani yake ikipokea mtoto wa chini ya miaka 16 aliyeondolewa au kuzuiliwa kinyume cha haki ya malezi, inatakiwa imrudishe upesi kwenye nchi aliyokuwa akiishi, hasa maombi yakifunguliwa kabla mwaka haujapita. Mahakama ya huko ulikokimbilia haitauliza nani ni mzazi bora. Itauliza kwanza: mtoto huyu alikuwa akiishi wapi? Mengine mkayamalize huko. Mkataba huo huo unaweza kumsaidia baba ambaye mtoto wake amepelekwa nje bila ridhaa yake, na tutaleta wakili kwenye kipindi aeleze namna ya kufungua maombi, maana hapo kila mwezi una thamani.

Matunzo sitayasema kwa kirefu. Jambo moja tu. Kumwona mtoto na kumtunza mtoto ni vitu viwili tofauti. "Hanipi mtoto, simpi hela" ni sentensi tamu sana mdomoni na chungu sana mahakamani. Mtoto hali kwa zamu ya ugomvi wenu. Toa matunzo hata siku umenyimwa kumwona, na uyatoe kwa njia inayoacha kumbukumbu, benki au simu, na sababu ya malipo iandikwe. Pesa uliyompa mkononi mbele ya lango, bila shahidi, wewe unaikumbuka, mahakama haiijui. Na akina mama mliopo, nanyi sikieni: kutopokea matunzo si kibali cha kumficha mtoto. Naona makofi yametoka upande mmoja tu. Subirini, zamu yenu itafika.

Tena imefika. Tuzungumze habari za simu zenu.

Kama kuna chombo kimoja kinachowaangusha akina baba kwenye mashauri haya, ni hiki hapa. Nilikuwa na baba mmoja ambaye kwa mwaka mzima alifanya kila kitu sawasawa. Alifika kwa wakati, alirudisha kwa wakati, alilipa ada, alikuwa mpole kwenye vikao. Usiku mmoja akapata habari kwamba mzazi mwenzake ana mchumba. Akatuma sauti ya dakika tatu. Sitarudia aliyoyasema. Asubuhi akaifuta upande wake, akadhani imekwisha. Sauti hiyo ilichezwa mbele ya kila mtu, na kile kikao nilichoka kukitazama: mwaka mzima wa kazi nzuri ukakaa kando ya dakika tatu, na dakika tatu zikaonekana kubwa zaidi. Je, zilikuwa kubwa zaidi? Kwa maoni yangu, hapana. Lakini anayeamua si mimi.

Andika kila meseji kana kwamba itasomwa na mtu wa tatu, kwa sababu itasomwa. "Nitamchukua saa tisa, koti lake analo?" inatosha. Huna haja ya aya ya pili. Ile aya ya pili, ile yenye "halafu nikwambie kitu," ilete kwetu. Ndiyo maana podikasti hii ipo. Tutakuwa na kipindi ambacho baba anasema hasira yake yote kwa mtu aliyezoea kusikia hasira, bila majina, sauti ikiwa imebadilishwa, na haimfikii mama wala mtoto.

Kuna kitu kingine lazima nikiseme, na hiki kinawahusu akina baba na akina mama sawasawa.

Niliwahi kusoma viapo viwili vya shauri moja, yaani maelezo ya maandishi ambayo kila mzazi ameyaapia. Cha baba kilisema: "Mtoto mwenyewe ameniambia hapendi kukaa kwa mama yake, analia akikumbuka kurudi." Cha mama kilisema: "Mtoto mwenyewe ameniambia hapendi kwenda kwa baba yake, analia akikumbuka kwenda." Mtoto mmoja. Wiki moja. Mawakili wakajiandaa kuthibitisha nani mwongo. Unajua nani alikuwa mwongo? Hakuna. Wote wawili walikuwa wamesikia hivyo hivyo walivyoandika. Mtoto wa miaka 8 alikuwa amegundua kwamba kwa baba kuna maneno yanayomfurahisha baba, na kwa mama kuna maneno yanayomfurahisha mama, naye akayatoa kila mahali kwa uaminifu, kwa sababu aliwapenda wote na alitaka wote watulie. Ile methali ya tembo na nyasi mmeisikia mara nyingi, siirudii. Ila nyasi hazilazimiki kuwaambia tembo wote wawili kwamba wanashinda.

Mtoto ana haki ya kusikilizwa, ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inasema hivyo, na uzito wa maoni yake unaangalia umri na ukomavu wake. Kusikilizwa lakini siyo kufundishwa. Usimrekodi. Usimuulize "unataka kukaa na nani?" kwenye gari. Kuna watu waliosomea namna ya kuuliza swali hilo, na hata wao hawaliulizi hivyo.

Sasa jambo gumu, na nitalisema wazi ili asije mtu akasema hakuambiwa. Wapo akina baba ambao hawatakiwi kukaa na watoto bila uangalizi. Wapo waliopiga, waliotisha, waliomfanya mtoto ajifiche chini ya kitanda. Podikasti hii si ya kuwasafisha. Aliyeamriwa na mahakama asimkaribie mtu hatampata mtu huyo kupitia maikrofoni yetu. Na wapo pia akina baba ambao wao ndio waliopigwa wakanyamaza. Hao tunataka waje, na tutawaelekeza kwa wanaoweza kuwalinda.

Na wewe uliyesingiziwa? Najua upo. Najua unavyotaka nisimame hapa nipige meza. Siwezi, kwa sababu kutoka hapa nilipo sauti ya aliyesingiziwa na sauti ya anayekana zinafanana. Ninachoweza kukwambia ni hiki: kubali uangalizi ukipangiwa, fika kila mara, acha wanaoangalia waandike wanachokiona. Maelezo ya mtu asiye na upande, yaliyoandikwa wiki baada ya wiki, yamewasaidia wengi kuliko kelele.

Kuna wanaotaka tupiganie sheria ya nusu kwa nusu, siku sawa kwa kila mzazi. Nawaheshimu. Ila tazameni Australia. Mwaka 2006 waliweka kwenye sheria yao dhana kwamba wazazi wagawane sawa wajibu wa maamuzi juu ya mtoto. Watu wengi wakaelewa kwamba kila mzazi anapata nusu ya siku, jambo ambalo sheria haikusema, na wazazi wakakubaliana nje ya mahakama kwa kuamini kitu kisichokuwepo. Mwaka 2023 Bunge lao likaiondoa dhana hiyo, na mabadiliko yakaanza kutumika Mei 2024. Mimi naona baba anayefuatilia ratiba ya kliniki atafika mbali kuliko baba anayefuatilia asilimia, na najua baadhi yenu hamkubaliani nami. Njooni kipindini tubishane.

Mwisho, taratibu zetu, kwa ufupi. Jina la mtoto halitajwi. Jina la mzazi mwenza halitajwi, wala kazi yake, wala mtaa wake. Sauti ya mtoto hairushwi hata kama baba yake ameridhia. Shauri linaloendelea halijadiliwi kwa undani, kwa sababu nchi nyingi zinazuia kutangaza mambo yanayomtambulisha mtoto aliye kwenye shauri, na kwa sababu unachokisema hewani kinaweza kunakiliwa na kuletwa mbele yako siku ya kusikilizwa. Tusimwage mchele kwenye kuku wengi. Wakili wetu ataeleza sheria kwa ujumla. Hatakuwa wakili wako. Na wageni wetu hawatakuwa akina baba tu. Tumewaomba akina mama waje. Tumewaomba watu wazima waliolelewa kati ya nyumba mbili waje watuambie walichokuwa wanakiona sisi tukidhani hawaoni. Wawili kati yao wamo humu ukumbini, na mmoja ameniambia ana maneno makali kwa baba yake na kwa mama yake, kwa usawa kabisa.

Kipindi cha kwanza kinatoka usiku huu. Kinahusu siku ya kwanza mahakamani: uvae nini, uje na karatasi zipi, umwite hakimu nani, na ukae wapi ukimkuta mzazi mwenzako kwenye benchi lile lile. Cha pili kitajibu maswali yatakayoulizwa hapa sasa hivi, kwa hiyo tunarekodi. Kijana wetu mwenye kinasa sauti atapita kuanzia nyuma, karibu na mlango. Ukipenda uliza, ukipenda mpishe apite. Na tafadhali, ukiuliza, mtoto mwite "mtoto" tu.

Haya, nani anaanza?